TUFUATE CHUNGWA LA MUHEZA

Leo tutasafiri. Hatuhitaji nauli wala mzigo. Tutalifuata chungwa moja tu. Tutaanza nalo mtini, katika Wilaya ya Muheza, Mkoa wa Tanga. Tutalipakia katika lori. Tutalishusha sokoni Buguruni, Dar es Salaam. Mwisho tutaliona mkononi mwa mlaji, au tutaliona jalalani.

Kwa nini tulifuate chungwa? Kwa sababu machungwa mengi hayafiki mdomoni mwa mtu. Mengine huoza chini ya mti. Mengine hupondeka njiani. Mengine hutupwa sokoni. Wako watu wanaosema, "Tunda likioza, hasara ni ya mwenye tunda." Katika safari hii tutaona kwamba sivyo. Tunda linalooza humpa hasara mkulima, humpa hasara jirani yake, humpa hasara mnunuzi, na huchafua hata hewa inayotuzunguka sisi sote.

TUMEFIKA MUHEZA

Ukitoka Tanga mjini kwa basi, utafika Muheza baada ya kilometa kama 35. Huu ni mji wa zamani. Reli ilifika hapa mwaka 1896, wakati wa Wajerumani. Njiani utaona mashamba ya mkonge. Kwa mbali utaona milima ya Usambara Mashariki, na juu yake misitu ya Amani. Upepo wa baharini huja na mvuke, hugonga milima hiyo, na mvua hunyesha. Mvua hiyo pamoja na joto la pwani huufaa sana mchungwa.

Wenyeji wa hapa ni Wabondei. Wako pia Wasambaa, Wadigo, na watu wa mikoa mingi ambao wazee wao walikuja kufanya kazi katika mkonge. Karibu kila nyumba ya kijijini ina michungwa. Wengine wana mitano ya kivuli na ya watoto. Wengine wana mashamba ya mamia ya miti.

Msimu mkubwa wa machungwa huanza masika yanapokwisha, na huendelea mpaka Agosti. Wakati huo malori huingia vijijini usiku na mchana. Mengi huenda Dar es Salaam. Mengine hupita Horohoro, huvuka mpaka na kuingia Kenya, yakaenda Mombasa na Nairobi.

Shika chungwa moja ulitazame. Ngozi yake bado ni ya kijani. Usiseme kwamba ni bichi. Ngozi ya chungwa hugeuka rangi ya manjano pale penye baridi ya usiku. Pwani hakuna baridi hiyo. Kwa hiyo chungwa la Muheza huweza kuwa tamu kabisa huku ngozi yake ni ya kijani.

Jambo la pili ni hili. Chungwa si kama ndizi. Ndizi ukiikata ikiwa imekomaa, itaiva ndani ya nyumba. Chungwa ukilichuma kabla halijaiva, halitaiva tena. Litabaki kali, litanyauka, na mwisho litatupwa. Basi hasara ya kwanza huanzia hapo, katika haraka ya kuchuma.

BIBI NA DAFTARI LAKE

Sasa tupige hodi katika nyumba moja. Mwenyeji wetu ni bibi mwenye michungwa 40. Ameketi barazani. Mkononi ana daftari la shule na kalamu. Mwaka juzi alikuwa hajui kusoma. Alijiunga na darasa la kisomo, na sasa anaandika taratibu lakini anaandika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Kaeni hapo kwenye mkeka."

Bibi anatufungulia daftari. Ukurasa una mistari mitatu:

Jumatatu: 46
Alhamisi: 61
Jumapili: 58

Hayo ni machungwa aliyoyaokota chini ya miti yake kwa wiki moja. Jumla ni 165.

"Zamani nilikuwa nikisema yameanguka machache," anasema bibi. "Nilikuwa nayapita tu nikienda kisimani. Nilipoanza kuyaandika ndipo nikajua."

Tufanye hesabu pamoja naye. Tuseme chungwa moja shambani lauzwa shilingi 50. Machungwa 165 ni shilingi 8,250. Hiyo ni wiki moja tu. Msimu ukiwa wa wiki 8, na kila wiki ikawa hivyo, ni shilingi 66,000. Fedha hiyo ingenunua vitu vingi vya mwanafunzi.

Bibi anatueleza habari ya mwaka jana. Mnunuzi mmoja alipita kijijini wakati miti ina vitunda vidogo. Alitazama shamba, akataja bei ya miti yote. Wakati huo mjukuu wa bibi alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Alitakiwa sare, godoro na madaftari. Bibi alikubali bei ile, ingawa ilikuwa ndogo.

Machungwa yalipoiva, mnunuzi hakuja. Mvua ilikuwa imeharibu njia, na bei ya Dar es Salaam ilikuwa imeshuka. Alikuja baada ya wiki nyingi. Akachuma makubwa, madogo akayaacha. Wakati huo mengi yalikuwa yamekwisha anguka.

"Yalikuwa si yangu tena," anasema bibi. "Nilikuwa nimeyauza. Sikuweza kuyachuma nikayauza mara ya pili. Lakini yalioza shambani mwangu mimi, na nzi walizaliwa shambani mwangu mimi."

NZI HAJUI MPAKA

Ni nzi gani hao? Bibi anachukua chungwa lililoanguka. Kwenye ngozi kuna kidoa kidogo laini, kama mtu aliyechoma kwa sindano. Analipasua. Ndani mna funza weupe.

Huyu ndiye nzi wa matunda. Nzi jike hutoboa ngozi ya tunda na kutaga mayai ndani yake. Mayai huanguliwa yakawa funza. Funza hula tunda kwa ndani. Tunda huoza na kuanguka. Funza hutoka, huingia katika udongo, na baada ya siku chache hutoka nzi wapya. Nao huruka kwenda kutafuta matunda mengine.

Iko aina moja ya nzi hawa iliyo mbaya kuliko nyingine. Asili yake ni Asia. Iligunduliwa katika Afrika Mashariki mwaka 2003. Tangu hapo imeenea katika nchi nyingi za Afrika. Hushambulia embe zaidi, lakini na machungwa, mapera na matunda mengine haikuyaacha.

Mahali nzi anapoongezeka zaidi ni katika tunda lililoachwa chini ya mti. Bibi ameokota yake yote. Lakini tazama ng'ambo ya ule ua wa minyaa. Shamba lile ni la mzee jirani. Chini ya miti yake machungwa yametapakaa, mengine yamekuwa meusi.

"Nimemwambia," anasema bibi. "Amenijibu kwamba shamba ni lake na uozo ni wake. Ni kweli. Lakini nzi hajui mpaka wa shamba."

Ndugu msomaji, neno hili la bibi lifikirie vizuri. Mtu mmoja akiokota na wenzake kumi wasiokote, kazi yake ni bure. Hii ni kazi ya kijiji kizima, kama vile kufagia njia ya kisima.

SIKU YA KUCHUMA

Leo lori limekuja. Wachumaji ni vijana sita. Wawili wanatikisa matawi, machungwa yanaanguka chini puu, puu. Mmoja anavuta kwa kingoe. Mwingine anarusha machungwa kutoka juu ya mti na mwenzake anayadaka, lakini si yote.

Kazi inakwenda haraka. Lakini kila chungwa lililoanguka limepata pigo. Huenda usilione leo. Ngozi ya chungwa ni kama ngozi ya mtu. Ikiwa nzima, huzuia ugonjwa kuingia. Ikiwa na jeraha, hata dogo, ukungu huingia. Baada ya siku chache utaona unga wa kijani au wa buluu juu ya chungwa. Huo ndio ukungu. Chungwa moja lenye ukungu likikaa katikati ya wenzake, huambukiza na mengine yaliyojeruhiwa.

Sasa tazama kwa bibi. Yeye na wajukuu wake wana ngazi na mkasi. Wanakata kikonyo kifupi, karibu na tunda, bila kulichana ngozi. Wanaliweka chungwa katika kikapu. Hawalitupi. Hawakuanza alfajiri, wakati umande uko juu ya matunda. Walingoja jua likaushe ngozi. Chungwa likishikwa kwa nguvu likiwa limelowa, mafuta ya ngozi yake hutoka na kuiunguza, na baadaye huonekana madoa. Wakimaliza mti mmoja, wanapeleka machungwa kivulini. Hawayaachi juani.

Chungwa lisilo na jeraha, likikaa kivulini penye hewa, laweza kukaa wiki mbili na hata zaidi. Chungwa lililopondeka haliwezi.

NDANI YA LORI

Haya, tupande lori. Machungwa yamemwagwa ndani kama mchanga, juu ya majani makavu. Yamejaa mpaka juu. Utingo anatembea juu yake akiyasawazisha kwa miguu. Machungwa ya chini kabisa yanabeba uzito wa yote yaliyo juu. Kisha turubai linafungwa, na joto linabaki ndani.

Kutoka shambani mpaka barabara kuu ni kilometa chache tu, lakini ndizo mbaya kuliko zote. Njia ni ya udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, lori hukwama. Machungwa hulala porini siku moja, mbili au tatu. Ndugu zetu wanakumbuka mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2023 na zile za Aprili 2024. Barabara na madaraja mengi nchini yalikatika. Mazao yalikwama kwa wenyewe.

Tukifika lami, mwendo ni mzuri. Tunafika Segera, kwenye njia panda ya Moshi na Dar es Salaam. Tunageuka kushoto. Tunapita Michungwani. Jina lenyewe lakuambia kuna nini hapo. Machungwa yamepangwa kando ya barabara, na abiria wa mabasi wananunua kupitia dirishani. Tunapita Kabuku na Mkata. Tunavuka Mto Wami. Tunapita Msata, tunafika Chalinze, kisha Kibaha. Alfajiri tunaingia Dar es Salaam. Tumekwenda zaidi ya kilometa 300.

HESABU YA MAFUTA

Katika mwendo huo wote lori limekunywa dizeli. Tufanye hesabu nyingine. Chukua kalamu.

Tuseme lori limebeba tani 7, yaani kilo 7,000. Tuseme kilo moja ni machungwa 5. Basi lori lina machungwa 35,000. Tuseme safari hii imetumia lita 100 za dizeli.

Dizeli ikiungua hutoa moshi. Ndani ya moshi huo mna gesi isiyoonekana kwa macho. Inaitwa hewa ukaa. Lita moja ya dizeli hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. Lita 100 hutoa kilo 270.

Hewa ukaa ina kazi gani? Hupanda angani na kukaa huko miaka mingi. Huko huzuia joto la dunia lisitoke. Ni kama mtu aliyejifunika blanketi. Kila mwaka dunia inaongeza blanketi jingine. Ndiyo maana joto la dunia linaongezeka, na mvua hazifuati tena majira tuliyoyazoea.

Wataalamu wana neno lao. Wanasema kila kitu kina nyayo za hewa ukaa. Mwindaji hufuata nyayo akajua mnyama alipita wapi. Hivyo hivyo ukifuata safari ya chungwa, utajua limeacha hewa ukaa kiasi gani, shambani, njiani na sokoni.

Gawanya kilo 270 kwa machungwa 35,000. Kila chungwa limeacha nyayo za karibu gramu 8 njiani. Si nyingi. Lakini tuseme katika kila machungwa 10, 3 yameoza yalipofika. Yaliyooza ni 10,500. Mazima ni 24,500. Dizeli ni ile ile. Sasa kila chungwa linaloliwa limebeba gramu 11, kwa sababu linabeba mzigo wake na mzigo wa lile lililooza. Na lita 30 katika zile 100 zimeungua bure. Zimesafirisha uozo kutoka Muheza hadi Dar es Salaam.

Nani atalipia lita hizo 30? Mnunuzi hataki hasara. Atapunguza bei anayompa bibi shambani, na atapandisha bei anayomtoza mlaji mjini. Hivyo mkulima analipa, na mlaji analipa.

SOKONI BUGURUNI

Tumeshuka Buguruni. Kumekucha. Makuli wanapakua. Madalali wanapiga kelele za bei. Machungwa yanamwagwa chini katika vilima. Akina mama na vijana wanachagua, wanahesabu, wanajaza matoroli na mikokoteni. Mchana huu watatembea mitaani Ilala, Tabata na Temeke.

Umewahi kumtazama muuza machungwa wa Dar es Salaam akimenya? Kisu chake kinazunguka, na ganda linatoka refu kama utepe bila kukatika. Anakata chungwa mara mbili na kukupa. Unakula hapo hapo ukiwa umesimama. Hii ni biashara nzuri. Humpa kijana chakula cha siku.

Lakini kijana huyu naye ana hasara yake. Alinunua kwa kuhesabiwa, ndani ya hesabu mkawa na yaliyopondeka. Hakuweza kupasua kila moja atazame. Jioni atayatupa. Faida yake ya siku huenda iko katika machungwa hayo anayoyatupa.

Sasa tuzunguke nyuma ya soko. Pale pana rundo la takataka. Tazama ndani yake. Machungwa, mananasi, nyanya, maembe, ndizi. Yote yalipandwa na mtu, yakapaliliwa na mtu, yakasafirishwa na mtu.

JALALANI

Gari la taka linapakia rundo lile. Linakwenda Pugu Kinyamwezi, kwenye jalala kubwa la jiji. Hapo nalo linachoma dizeli tena, kwa ajili ya kitu cha kutupwa.

Jalalani taka hurundikwa moja juu ya nyingine. Zile za chini hazipati hewa. Tunda likioza mahali pasipo na hewa, hutoa gesi nyingine inayoitwa methani. Gesi hii huzuia joto kuliko hewa ukaa. Kwa muda wa miaka 100, kilo moja ya methani hushika joto sawa na kilo 28 hivi za hewa ukaa. Kwa hiyo chungwa lililotupwa jalalani laweza kuchafua hewa zaidi ya safari yake yote ya lori.

Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa makadirio yake. Lilisema karibu theluthi moja ya chakula cha watu duniani hupotea au hutupwa. Ni kama kuvuna magunia matatu, ukala mawili, na la tatu ukalitupa mtoni. Mwaka 2022 watu duniani walitupa tani zaidi ya bilioni 1 za chakula katika nyumba, mahoteli na maduka. Chakula kinachopotea na kutupwa huleta sehemu 8 hadi 10 katika kila sehemu 100 za gesi zinazoongeza joto la dunia.

Tuseme ukweli. Bibi wa Muheza mwenye miti 40 siye aliyeipasha dunia joto. Afrika nzima hutoa chini ya sehemu 5 katika kila sehemu 100 za hewa ukaa itokayo katika mafuta na makaa ya mawe. Nchi zenye viwanda vingi ndizo zilizotoa nyingi. Wao wana wajibu mkubwa zaidi. Lakini kuokoa chungwa lisioze hakumngojei mtu wa mbali. Faida yake ya kwanza huingia mfukoni mwetu wenyewe. Faida ya pili huenda angani.

TUFANYE NINI?

Bwana shamba na bibi shamba wanatushauri mambo haya.

Shambani. Okota matunda yaliyoanguka, angalau mara mbili kwa wiki. Yaliyo mazima yale au yakamue. Yenye funza usiyatupe hovyo. Chimba shimo na uyafukie, udongo wa juu yake usipungue nusu mita, ili nzi asiweze kutoka. Au yatie katika mfuko mweusi wa plastiki, ufunge mdomo, uuache juani kwa wiki moja au mbili. Funza watakufa kwa joto. Kisha yachanganye na majani makavu na samadi, ugeuze mara kwa mara hewa ipite. Utapata mboji ya kurudisha kwenye mchungwa.

Usiwaue majimoto. Wale chungu wekundu wanaoshona majani huuma kweli, lakini ni askari. Huwinda wadudu waharibifu juu ya michungwa, miembe, mikorosho na minazi. Ukitaka kuchuma, chuma wakati hawajachangamka, na jipake majivu mikononi.

Kuchuma. Usitikise mti. Tumia ngazi, mkasi na kikapu. Chuma lililoiva. Tenga yaliyopasuka na yenye madoa kabla ya kupakia. Tunda bovu lisipande lori.

Kusafirisha. Matenga na makasha ni bora kuliko kumwaga. Kasha la mbao laini ndani, lisilojazwa kupita ukingo, hubeba uzito wa kasha la juu yake, matunda yasiubebe. Kasha ni ghali kwa mtu mmoja. Kwa kikundi cha watu ishirini, si ghali. Hurudi na lori na kutumika tena. Tena kikundi chaweza kutengeneza kipande kibaya cha njia kabla ya msimu, badala ya kungoja lori likwame.

Kuuza. Usikimbilie kuuza miti ikiwa na maua. Ukilazimika, andikianeni. Andika tarehe ya mwisho ya kuchuma. Andika kwamba tarehe hiyo ikipita, machungwa yaliyobaki ni yako. Sasa unajua kusoma. Soma karatasi kabla ya kutia sahihi.

Mjini. Mlaji, usidharau chungwa la kijani wala dogo. Nunua unayoweza kula. Yakizidi, kamua. Ukienda dukani kununua maji ya matunda, soma paketi. Tazama yametengenezwa wapi. Huenda yamesafiri bahari nzima huku machungwa ya Muheza yanaoza chini ya mti. Taka za matunda nazo zina njia iliyo bora kuliko jalala. Huko Mabwepande, Manispaa ya Kinondoni ina kiwanda cha kutengeneza mboji kutokana na taka za masokoni. Kilianzishwa kwa ushirikiano wa Dar es Salaam na mji wa Hamburg wa Ujerumani. Linalofanywa na manispaa kwa ukubwa, mtaa waweza kulifanya kwa udogo.

TUNARUDI KWA BIBI

Kabla ya kuagana, turudi Muheza. Mwaka huu bibi hakuuza miti ikiwa na vitunda. Yeye na wanakisomo wenzake kumi na mmoja wameungana. Wamekubaliana kuchuma siku moja, kuchagua pamoja, na kumwita mnunuzi akute mzigo uko tayari kivulini. Lori halitalala. Mwenye lori naye amefurahi, kwa sababu halipi siku za kungoja.

Bibi alipeleka daftari lake kwenye mkutano wa kijiji. Hakutoa hotuba ndefu. Alisimama akasoma tarakimu zake, wiki baada ya wiki. Watu walinyamaza. Kisha mtu mmoja akauliza, "Kama kwa bibi mwenye miti 40 ni hivyo, kwangu mwenye 200 ni kiasi gani?" Hakuna aliyeweza kumjibu, maana yeye mwenyewe hakuwa ameandika. Mkutano uliamua kwamba kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi kila nyumba iokote.

Na yule mzee jirani? Siku ya kwanza hakutoka. Siku ya pili alimtuma mjukuu wake na ndoo. Alhamisi iliyofuata alionekana mwenyewe, anachimba shimo karibu na ule ua wa minyaa. Bibi alimpelekea machungwa matano, mazima, yenye vikonyo.

Ndugu msomaji, safari yetu imekwisha. Kesho asubuhi pita chini ya miti yako, iwe michungwa, miembe au mipera. Hesabu yaliyoanguka. Andika.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini chungwa la Muheza huweza kuwa la kijani na huku limeiva?

2. Chungwa likichumwa bichi, je, litaiva ndani ya nyumba? Na ndizi je?

3. Lori limebeba machungwa 35,000. Katika kila 10, moja limeoza. Mangapi ni mazima?

4. Bibi alisema nzi hajui mpaka wa shamba. Katika kijiji chenu, ni kazi gani ambayo mtu mmoja hawezi kuifanya peke yake ikafaa?

5. Kijijini kwenu ni tunda gani linalopotea zaidi? Linapotea mahali gani: mtini, njiani, au sokoni? Mtaanza na hatua gani?